Kanuni za ujenzi si za wahandisi peke yao

Majuma machache yaliyopita mama mmoja wa mtaa wa Kaptembwo, Nakuru, aliniandikia akiuliza swali ambalo nimeona heri nilijibu hapa, kwani si lake peke yake. Ameachiwa ploti ndogo na marehemu mumewe. Ana watoto watatu, wawili wakiwa katika shule ya upili, na anataka kujenga vyumba vinne vya kukodisha ili apate karo. Fundi wake amemwambia kwamba serikali imeleta kanuni mpya za ujenzi na zile za zamani zimekufa. Jirani naye amemwambia kwamba hizo ni kanuni za Nairobi, mji wa Nakuru haujazikubali, kwa hivyo ajenge tu. Mama anauliza: amsikize nani?

Amsikize fundi. Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka wa 2024 ilichapishwa na serikali kama Tangazo la Kisheria nambari 47 la mwaka huo, na ikaanza kutumika tarehe 1 Machi, 2025. Inatumika Nakuru sawa na inavyotumika Nairobi, Wajir au Kwale. Hata hivyo, tusiharakishe kumcheka jirani. Kwa zaidi ya miaka 40 maneno yake yangekuwa na ukweli mwingi, na wako wengi mijini ambao bado wanaishi na mazoea ya miaka hiyo bila kujua yalitoka wapi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1968 serikali ilitoa kanuni mbili za ujenzi kupitia kwa wizara iliyosimamia serikali za mitaa. Moja ilikuwa ya majengo ya kudumu. Ya pili, iliyojulikana kama Gredi ya Pili, ilikuwa ya nyumba za bei ya chini katika sehemu zilizotengwa maalumu. Zote mbili zilikuwa za namna ambayo tunaweza kuiita sheria ndogo za kuridhiwa. Yaani waziri alikuwa kama mpishi aliyepakua chakula na kukiweka mezani, kisha kila baraza la mji likaamua kama litakula, na litakula kiasi gani. Baraza likiketi na kupitisha azimio la kuzikubali kanuni hizo, zote au sehemu yake, zilikuwa sheria ya mji huo. Lisipopitisha azimio, zilibaki kuwa karatasi tu kwenye kabati la karani.

Mpango huo haukuwa wa kipumbavu. Nchi yetu si moja kwa hali ya hewa wala udongo. Hewa ya chumvi ya Mombasa hula vyuma ndani ya konkriti. Mvua ya Kericho haina jamaa na jua la Garissa. Nakuru nayo imekaa chini ya Menengai, juu ya majivu ya volkano na nyufa za Bonde la Ufa. Kuuachia mji useme, "Hapa kwetu kanuni hii yafaa, ile haifai," ni busara ya kutosha.

Taabu ilikuwa katika chakula chenyewe. Kanuni za 1968 zilifuata mtindo wa Uingereza. Zilipenda kutaja vitu kwa majina: ukuta uwe wa mawe, au matofali ya kuchomwa, au konkriti, na uwe na unene kadha. Ukuta wa udongo, hata uwe imara namna gani, haukuwa na nafasi katika sehemu za nyumba za kudumu. Sasa chukua mshahara wa karani, au wa mchuuzi wa mboga pale Bondeni, au wa mfanyakazi wa reli, uupime na bei ya ukuta kama huo. Hesabu haikubali. Wala haikukubali wakati huo.

Matokeo yake tunayajua sote, kwani ndiyo mitaa tuliyokulia. Watu hawakuacha kuzaa wala kuhamia mijini kwa sababu ukuta wa halali ulikuwa ghali. Walijenga nje ya sheria. Na mtu ambaye ukuta wake ni kosa tangu siku ya kwanza hawezi kumwita mkaguzi wa baraza aje atazame msingi. Atajenga Jumamosi na Jumapili, atajenga usiku kwa taa ya karabai, na mkaguzi akitokea, mazungumzo hayatakuwa juu ya kina cha msingi bali juu ya chai ya mkaguzi. Hapo ndipo kanuni iliyotungwa iwalinde watu ilipowatupa nje ya ulinzi. Wapo wanaodhani nyumba hatari hujengwa kwa sababu kanuni zetu ni hafifu. Mimi naona kwamba mara nyingi zilijengwa kwa sababu kanuni ziliwekwa juu ya rafu ambayo mkono wa mtu wa kawaida haufiki.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikubali kuzitazama upya. Wataalamu wa wizara, wa vyuo na wa mashirika yasiyo ya kiserikali walizipitia, na mwaka wa 1995 zikachapishwa kanuni zilizorekebishwa ambazo watu wa ujenzi walizibandika jina la Code 95. Badiliko kubwa lilikuwa la fikira. Badala ya kutaja jina la kitu, zilitaja kazi ambayo kitu hicho lazima kiifanye. Hazikuuliza tena, "Je, ukuta huu ni wa mawe?" Ziliuliza: Je, utabeba paa? Je, utazuia mvua? Je, utastahimili moto kwa muda wa kutosha watu watoke? Ukiweza hayo, jina lako si kitu.

Lakini kumbuka kwamba hizi nazo zilikuwa za kuridhiwa. Kuchapishwa Nairobi hakukuzifanya sheria mjini Nakuru, Thika wala Kitale. Kila baraza lilipaswa kukaa na kuamua.

Baraza la mji likiletewa kanuni kama hizo, kila mtu huzisoma kwa jicho la kazi yake. Afisa wa afya huona vyumba vidogo visivyo na hewa na hufikiria kifua kikuu. Mhandisi huona ukuta wa udongo na hufikiria mvua ya Aprili. Mweka hazina hufikiria ada. Diwani hufikiria kura, na si vibaya, maana kura hizo ni za watu wanaokaa katika nyumba zenyewe. Wenye nyumba kubwa za mtaani Milimani nao huogopa kwamba thamani ya ploti zao itashuka vibanda vikikaribia. Mabishano ya namna hii huchosha, na ndiyo sababu mabaraza mengi yaliona ni rahisi kuacha faili lilale. Mji ambao haukuamua uliendelea kuishi na kanuni za 1968 kama kwamba hakuna lililotokea.

Nakuru ilikuwa miongoni mwa manispaa za kwanza kuridhia kanuni za 1995. Haikufanya hivyo peke yake. Shirika la ITDG, ambalo siku hizi linaitwa Practical Action, lilifanya kazi pamoja na baraza hilo, na pia na mafundi na vikundi vya wakazi waliotaka kujenga. Hapo ndipo palipo na funzo la kweli kuhusu namna mji unavyobadilisha kanuni zake, kwani azimio la madiwani ni kazi ya asubuhi moja, bali kuifikisha kanuni mikononi mwa fundi ni kazi ya miaka.

Chukua mfano wa matofali ya udongo yaliyoongezwa simiti na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Mashine mashuhuri ya aina hii, CINVA-Ram, ilibuniwa nchini Colombia katika miaka ya 1950, na jamaa zake zimetengenezwa hapa kwetu. Matofali hayo hayachomwi, kwa hivyo hayali kuni. Na mengi ya udongo wake hutoka palepale kwenye ploti, hivyo gharama ya lori hupungua. Lakini udongo haulingani. Mmoja ukikauka hunywea sana na kupasuka, mwingine hunywea kidogo tu. Kanuni ikisema "ongeza simiti ya kutosha", imesema nini? Haijasema kitu.

Kwa hiyo kuna kipimo ambacho fundi yeyote anaweza kukifanya mwenyewe. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 4 na kina cha sentimita 4. Kipake mafuta ndani. Chimba udongo wa chini, si ule mweusi wa juu wenye mizizi, uulowe vizuri, uujaze kisandukuni na kuusawazisha. Uanike juani kwa siku 3, au kivulini kwa siku 7. Kisha sukuma udongo wote upande mmoja, upime pengo lililobaki. Pengo likiwa chini ya milimita 12, kipimo kimoja cha simiti kinatosha vipimo 18 vya udongo. Likiwa kati ya 12 na 24, tumia kimoja kwa 16. Kati ya 24 na 39, kimoja kwa 14. Kati ya 39 na 50, kimoja kwa 12. Likizidi 50, udongo huo haufai ulivyo, changanya na mchanga au utafute mwingine. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi usiujaribu hata kidogo.

Matofali yakitoka kwenye mashine yafunikwe yasipigwe na jua, yanyunyiziwe maji, na yakae si chini ya majuma mawili kabla ya kujengewa. Hapa ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi. Tofali lililokaushwa juani kwa siku mbili huonekana gumu kama jiwe, na msimu mmoja wa mvua hulivua nguo.

Nimekaa juu ya kisanduku hiki kwa makusudi. Hicho ndicho kipimo cha kanuni njema: je, anayetakiwa kuifuata anaweza kuijaribu kwa mikono yake, kwa senti zake, palepale kwenye ploti? Kanuni ambayo lazima upeleke udongo kwenye maabara ya mbali kabla ya kujenga chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, huyo mama wa Kaptembwo hataifuata. Na ukimlaumu, utakuwa unalaumu umaskini wake.

Mafundi na wakazi wa namna hii walihitaji pia ramani. Kuajiri msanifu wa majengo kwa ajili ya vyumba vinne ni kama kukodi basi zima kwenda sokoni. Njia iliyo wazi ni mji wenyewe kuwa na ramani za mfano zilizokwisha kuchunguzwa na wataalamu wake, ili mwenye ploti achague moja, alipe kidogo, na idhini itolewe upesi kwa sababu kinachobaki kukaguliwa ni ploti na msingi tu. Wazo hili lilizungumzwa sana katika miaka ile ya Code 95. Ningependa kuliona likifufuliwa.

Asije mtu akadhani nasema kila kitu kilegezwe. Nakuru si mahali pa kulegeza ovyo. Upande wa magharibi wa mji, katika mitaa kama Kaptembwo na Rhonda, ardhi imewahi kutitia na mashimo kufunguka baada ya mvua kubwa, kwa kuwa chini kuna nyufa za kale zilizojazwa majivu mepesi ambayo maji huyachukua. Na katika Subukia, si mbali kutoka hapo, tarehe 6 Januari, 1928 palitokea tetemeko lililokadiriwa kuwa na nguvu ya 6.9, mojawapo ya matetemeko makubwa kabisa kupimwa katika nchi yetu. Ardhi ilipasuka kwa zaidi ya kilomita 30. Wakati huo lilikuwa eneo la mashamba. Hapakuwa na nyumba za ghorofa sita zenye familia 60 ndani.

Kwa hiyo mji kama huu unahitaji kanuni zenye mikono miwili. Chumba kimoja cha chini chenye ukuta wa udongo ulioshindiliwa kiachiwe nafasi, kwani kikianguka mara nyingi huanza na nyufa unazoziona. Ghorofa ishikwe kwa mkono wa chuma. Tumefanya kinyume. Tulimsumbua mwenye chumba kimoja kwa miongo mingi, huku ghorofa zikipanda kando ya mito bila mtu kuuliza.

Mwaka wa 1996 jengo la Sunbeam liliporomoka katikati ya Nairobi na kuua watu. Januari 2006 jengo lililokuwa likijengwa lilianguka tena katika jiji hilohilo. Usiku wa tarehe 29 Aprili, 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka mtaani Huruma na watu karibu 50 wakafa. Lilikuwa kando ya mto, na maafisa walisema halikuwa limepewa idhini. Yote haya yalitokea tukiwa na kanuni. Zilikuwa zimeandikwa, zimechapishwa, na Nairobi haikuwa mji mdogo usio na wahandisi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mbele ya nguzo ya ghorofa ya kwanza kabla konkriti haijamwagwa, ahesabu vyuma, na aseme, "Hapana."

Sasa tuje kwenye hali ya leo. Mabaraza ya miji na manispaa yaliondoka baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti zilipoanza kazi. Sheria ile iliyoyapa mabaraza uwezo wa kuridhia kanuni ilifutwa, ingawa kanuni zenyewe ziliendelea kutumika katika kipindi cha mpito. Rasimu mpya ya kanuni za mipango na ujenzi ilikuwa imeandikwa tangu 2009, lakini haikupata kuwa sheria. Kwa hivyo mtu aliyejenga ghorofa mwaka wa 2015 alikuwa bado chini ya maandishi ya mwaka wa 1968 na marekebisho yake. Mtoto aliyezaliwa wakati maandishi hayo yanatolewa alikuwa na umri wa kuwa nyanya.

Nakuru nayo ilipanda cheo. Sheria ya Miji na Majiji ya 2011 ilitaka jiji liwe na watu 500,000, lakini marekebisho ya 2019 yalishusha idadi hiyo hadi 250,000, na tarehe 1 Desemba, 2021 Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji, la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ilifuata Agosti 2024. Ni majiji, naam, ila ukisimama pale Section 58 saa kumi na mbili jioni utaona bado ni mji ambao watu husalimiana.

Kisha ikaja Kanuni ya Taifa ya 2024. Imeondoa zile za 1968. Imetengenezwa chini ya sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na inashughulikia mambo ambayo wazee wa 1968 hawakuyapa uzito: utunzaji wa jengo baada ya kumalizika, kujikinga na majanga, njia za walemavu. La muhimu kwa swali letu ni hili: haihitaji kuridhiwa na mji wowote. Ilipoanza kutumika, ilianza kila mahali siku moja.

Mimi nina maoni mawili kuhusu hilo. La kwanza, ni nafuu kubwa. Mwisho wa ule upuuzi wa faili kulala miaka kumi kwa sababu kamati haikupata akidi. La pili, tumepoteza kitu. Kuridhia kulimlazimu diwani wa mji mdogo afungue maandishi hayo na kubishana juu yake na afisa wa afya, na fundi aliyeketi nyuma ukumbini akasikia. Sheria inayoshuka kutoka juu ikiwa imekamilika haina siku kama hiyo. Watu hawaijui mpaka iwaangukie.

Hata hivyo kaunti haikuachwa mikono mitupu, na hapa ndipo familia za mjini zinapaswa kukaza macho. Katiba imeziachia kaunti kazi ya mipango na maendeleo ya miji, na hata ya nyumba. Idhini ya kujenga hutolewa na kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Kaunti huajiri wakaguzi, au haiwaajiri. Kaunti huweka ada za kupitisha ramani katika Sheria yake ya Fedha kila mwaka. Kaunti hutunga mpango unaosema mtaa upi upande ghorofa na upi usipande. Bodi ya jiji nayo inaweza kupendekeza sheria ndogo. Hakuna mojawapo ya haya linaloweza kupitishwa kihalali bila wananchi kuitwa watoe maoni.

Nimehudhuria mikutano michache ya aina hiyo. Aghalabu utawakuta wazee kumi na wawili, vijana waliofuata soda, na mwanamke mmoja anayeuliza juu ya mtaro wa maji machafu. Mswada wa fedha husomwa kwa Kiingereza kwa kasi ya mnadani. Wenye nyumba wakubwa huwa wamekwisha kutuma wakili wao na maandishi. Mafundi hawapo, wako kazini. Wapangaji hawapo, hawajui kwamba yanawahusu. Wanafunzi wa vyuo, ambao ndio wanaojazwa katika vyumba vya ghorofa zilizojengwa kwa mwaka mmoja kando ya lango la chuo, hawapo kabisa.

Mkazi wa Nakuru akinialika nimshauri aseme nini huko, nitamwambia asipoteze dakika zake tatu kwa hotuba. Aulize ni wakaguzi wangapi wa majengo wameajiriwa, na kila mmoja ana mtaa upi. Aulize kama ripoti za ukaguzi wa ghorofa zinaweza kusomwa na mpangaji. Aulize ramani ya nyufa za ardhi iko ofisi gani, na kama karani wa idhini huitazama kabla ya kugonga muhuri. Na aombe ada ya vyumba vya chini ya ghorofa moja itenganishwe na ada ya majengo ya biashara, na zile ramani za mfano ziwekwe mezani.

Nirudi kwa mama wetu, maana hajauliza siasa, ameuliza ajenge vipi.

Mama, usichimbe kwanza. Kujenga bila idhini ya kaunti kunaweza kukuletea faini ya hadi shilingi 500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au yote mawili, na hizo ni karo za miaka mingi. Nenda ofisi ya mipango na hati yako ya ploti. Uliza mambo mawili kabla ya kulipa chochote: ploti yako imetengewa matumizi gani, na kama kuna ufa au bomba la majitaka linalopita chini yake. Ramani yako lazima iwe na sahihi ya mtaalamu aliyesajiliwa. Ukikutana na kijana anayekuuzia ramani yenye muhuri kando ya barabara, mwombe nambari yake ya usajili, kisha uipeleke wewe mwenyewe kuihakikisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi nayo hutaka kusajili ujenzi kabla ya kuanza.

Fundi akianza, mwite mkaguzi mara tatu bila kungoja aje mwenyewe: mtaro wa msingi ukiwa wazi, vyuma vikiwa vimefungwa kabla ya konkriti, na ukuta ukifika usawa wa paa. Akisema kuna kasoro, mwambie aiandike. Usikubali kasoro ya mdomo, kwani ya mdomo hufutwa kwa chai. Fundi akikwambia kwamba kungoja mkaguzi kutamchelewesha, mkumbushe kwamba wewe ndiwe unayemlipa.

Sheria ya 2019 inasema kwamba ukipeleka ombi na usipojibiwa kwa maandishi kwa siku 60, itachukuliwa kwamba umeruhusiwa. Ukikataliwa, unaweza kukata rufani kwa kamati maalumu ya kaunti katika muda wa siku 14 tangu kupewa uamuzi. Siku hizo 60 huhesabiwa kutoka tarehe ya ombi lako kupokelewa. Kwa hiyo usiondoke kwenye dirisha kabla karani hajagonga muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako, na nakala hiyo uiweke nyumbani pamoja na hati ya ploti. Wakikuitisha tena, wapelekee fotokopi.